Mashine Inaimba Lakini Hailii

Santa Rita del Hondo, Mei 16, 2019

Kwako Nohemí, mwanangu,

Najua siku hizi jina lako ni Sista Inés, na najua Mama Mkuu husoma barua kabla haijafika mkononi mwako. Basi na yeye nampa shikamoo yangu, anisamehe mwandiko, shule mimi niliionea dirishani. Jina la Inés nimeliandika juu ya bahasha. Humu ndani niache nikuite kama nilivyokuita ukiwa tumboni.

Sisi tuko. Mvua zimeanza, mahindi yamechomoza yote isipokuwa upande ule wa mawe. Kuku mwekundu ameatamia juu ya kitanda chako na sikumfukuza, maana kitanda chenyewe kina nani sasa. Shangazi yako Rosaura goti bado linamsumbua, lakini ulimi wake hauna goti. Baba yako yuko. Anakula, anashuka mtoni kuchota mchanga na wenzake, anarudi.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Ile laptopu uliyotuachia hailii tena.

Jumanne nilikuwa kwenye kikaango nageuza tortila za mahindi, mgongo nimeipa mashine kama siku zote, kwa sababu ni wewe mwenyewe uliyeniambia, mama usijisumbue kuitazama, maji ya mto yakigusa kile chuma ulichosimika kule mlimani itakuita kwa mlio. Huku kwetu jua linawaka. Juu kwenye volkano kumeingia weusi, lakini huko weusi ni wa kila siku. Moshi ukaniingia machoni, nikageuka nijipanguse kwa aproni, nikaona kioo chote chekundu. Chekundu, Nohemí, na kimya. Sijui kimekuwa hivyo tangu lini. Tortila zilizokuwa kikaangoni nilizikuta baadaye zimekuwa mkaa.

Nilichukua nyundo nikaligonga lile ringi la lori pale mlangoni mpaka mkono ukafa ganzi. Wanaume wakapanda kutoka mtoni. Baba yako alipanda wa mwisho, koleo begani, anatembea kama anatoka kanisani. Hajamaliza kufika juu, tope likapita na mawe na mti mzima na mizizi yake, likachukua ndoo na machujio yote.

Nilimwambia mezani. "Baudilio, mashine haikulia."

"Ililia. Wewe hukusikia."

"Ulikuwa mtoni. Wewe umejuaje?"

"Asubuhi si iliimba?"

Kweli iliimba. Nilikuwa nimeiwekea zile nyimbo za marimba, na sauti ilifika hadi kwa jirani. Rosaura, ambaye hakuulizwa, akasema, "Wifi, mama yenu alianza kuziba masikio akiwa na umri huu huu. Damu haipotei njia."

Tangu siku hiyo nasikiliza kila kitu. Nasikiliza maji yakichemka, nasikiliza mchwa kwenye boriti. Kuku akinyamaza nakwenda kumtazama. Sijui kama bubu ni mashine au kiziwi ni mimi, na sijui lipi ni afadhali.

Maana zamani, kabla hujaleta mashine, wanaume walikuwa wanatazama wingu na kupanda mapema. Siku hizi hakuna anayetazama wingu. Wanangoja ringi langu. Wote wale wameweka roho zao kwenye masikio ya mwanamke anayepika.

Niambie nifanye nini. Ile ofisi ya mradi iliyokupa kazi ilishafungwa, mlangoni wanauza vifaranga. Nampa barua don Neto wa lori la kabichi, atakuletea mpaka huko Xela. Nikuogopeshe kidogo nisiogope peke yangu.

Mama yako,
Eusebia


Xela, Juni 4, 2019

Mama yangu mpenzi,

Amani iwe nyumbani kwetu, kuanzia kizingiti mpaka kwa kuku aliye kitandani kwangu. Barua yako ilinifikia ikinuka kabichi na moshi, nikaishika puani kabla ya kuisoma. Huku mimi mzima. Tumepanda karoti. Napewa ruhusa ya barua moja kwa mwezi, na hii ndiyo ya mwezi huu, kwa hiyo naandika kwa herufi ndogo ili mengi yaingie.

Kwanza, leo hii, kabla hujamaliza kusoma: geuza meza. Laptopu na kikaango vikae upande mmoja, macho yako yawe kwenye kioo. Na waambie wanaume waanze tena kutazama wingu. Mwambie baba. Tafadhali mama, mwambie.

Pili, tuichunguze. Kwenye mstari wa juu wa vitufe kuna kimoja chenye picha ya spika iliyokatwa kwa mstari. Kibonyeze mara moja, utaona alama kwenye kioo, inaonyesha kama sauti imefungwa au imefunguliwa. Ubavuni kuna tundu la kuchomekea vile vya masikioni. Lichungulie kwa tochi, punje au mdudu akiingia humo mashine hudhani imechomekwa na hunyamaza. Kisha izime kabisa uiwashe upya. Zamani ikiamka ilikuwa inatoa mlio mmoja mfupi, unakumbuka? Uliiambia "nawe pia" kila asubuhi.

Nina swali, fikiri vizuri kabla ya kujibu. Mara ya mwisho kuusikia mlio huo ni lini?

Wewe si kiziwi. Mtu anayemsikia mchwa si kiziwi.

Msalimie shangazi. Msalimie baba. Anasemaje kuhusu mimi, kama anasema?

Mwanao,
Nohemí (Mama Mkuu ameruhusu)


Santa Rita del Hondo, Juni 23, 2019

Nohemí wangu,

Mungu akulinde na amlinde Mama Mkuu aliyekuruhusu kuandika jina lako. Nimempelekea rapadura, bonge moja la sukari guru, don Neto nimemwapisha asile pembeni.

Habari za huku ni mvua. Nguo haikauki. Komadre Tencha, mama yako wa ubatizo, amepata kwa binti yake mjukuu wa kiume, kichwa kama cha mzee. Rosaura ameuza yule nguruwe, na bado anamsema kana kwamba yupo.

Nimefanya uliyoniambia. Kitufe cha spika nimekibonyeza, alama ikaja na kuondoka, nyimbo zikazimika na kurudi, lakini mlio hakuna. Tundu nimelichungulia, safi kama jicho. Nimeizima nimeiwasha, nimeizima nimeiwasha. Inaamka kimyakimya kama mgeni asiyesalimu. Halafu naiwekea marimba na inaimba, Nohemí, inaimba vizuri. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote. Ingekuwa imekufa ningejua imekufa. Hii inaimba.

Kuhusu masikio, nilikwenda zahanati. Nesi alisimama nyuma yangu akanong'ona, "Mama, unapenda soda gani?" Nikamjibu ya chungwa. Akaniambia niende nyumbani nisimpotezee wakati. Nilifurahi njia nzima, kufika mlangoni furaha ikaisha. Kama mimi nasikia, basi bubu ni mashine.

Meza nimeigeuza. Sasa napika natazama kioo, naosha natazama kioo, nasali natazama kioo. Rosaura anasema, "Wifi umepata bwana mpya, huyo wa kung'aa." Tortila zinaungua, wateja wananung'unika. Chooni nakimbia.

Swali lako nimelifikiria. Jumapili ya Matawi nakumbuka ililia ilipoamka, maana Rosaura alikuwa na tawi mkononi akashtuka akajipiga ishara ya msalaba. Baada ya Pasaka sikumbuki. Kiangazi mto huwa mkavu, nani anasikiliza. Na hiyo ya asubuhi nadhani niliizoea mpaka sikugundua kwamba haipo. Unaona. Niliijibu kila siku, na iliponyamaza sikuiuliza una nini.

Baba yako nilimwambia habari ya wingu. Akasema, "Fundi wako yuko nyuma ya ukuta anafundisha watu wingu." Nikamwambia umemsalimu. Akainuka kwenda kutazama mahindi. Mvua ilikuwa inanyesha.

Andika upesi.

Eusebia, mama yako


Santa Rita del Hondo, Julai 8, 2019

Nohemí,

Hujajibu. Don Neto anasema alipokea mtu barua yangu pale kwenye lile pipa la mbao linalozunguka ukutani, akavuta mkono, basi. Nakuombea usiwe mgonjwa.

Mto ulishuka tena wiki iliyopita. Wote wako hai. Usiniulize zaidi.

Mashine ni vilevile. Sasa sitoki kabisa jikoni. Kwa komadre Tencha wamebatiza yule mtoto, sikwenda. Watu wanapita mlangoni wanatazama ndani kuona kama nipo. Hawasalimu, wanatazama tu kama nipo.

Nikifumba macho naona nyekundu. Nikiyafumbua natafuta nyekundu.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mama


Xela, Julai 19, 2019

Mama,

Nisamehe. Kabla ya sikukuu ya Bikira wa Karmeli tunaingia kwenye ukimya, na barua husubiri ndani ya sanduku mpaka sikukuu ipite. Barua zako mbili zilikuwa humo, nami nilikuwa napita mbele ya sanduku hilo kila siku nikienda kusali, sijui. Mama Mkuu alipozisoma alinijia mwenyewe bustanini. Aliweka barua mkononi mwangu akasema, "Jibu leo, na hii usiihesabu kwenye barua zako za mwezi."

Na don Neto, alipoleta mboga, alimwambia Sista wa mlangoni kupitia ukutani, "Mwambieni yule binti wa Hondo kwamba mbavu za mzee zinaendelea vizuri."

Mama, mbavu gani?

Hapa kuna simu moja, iko kwenye chumba cha mlangoni, na hupigwa kwa habari za kifo tu. Ndiyo desturi ya nyumba. Nisingependa kukwambia hili, lakini tangu Mei kila ikilia nasimama nilipo. Ikiita jina la mwingine namshukuru Mungu, kisha naona aibu kwa kushukuru.

Sasa sikiliza. Nimekosea tangu mwanzo kwa kukutuma kwenye spika. Ndani ya laptopu sauti ina njia mbili. Moja ni ya nyimbo. Nyingine ni ya mlio wa mashine yenyewe, na hiyo ina mlango wake peke yake. Ule mlango ukifungwa, nyimbo hazijui. Zitaendelea kuimba.

Fanya hivi. Fungua lile dirisha jeusi nililokuwa nafanyia kazi: shika pamoja vile vitufe vitatu nilivyovipaka rangi ya kucha. Andika neno nililoliandika kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya pili ya yale maelekezo niliyokuachia, kisha bonyeza kile kitufe kirefu cha kukubali. Zitatokea nguzo nyembamba zimesimama kama mishumaa altareni. Kila moja ina jina chini yake. Nenda na mshale kulia mpaka kwenye ile iliyoandikwa Beep. Tazama chini ya nguzo, siyo juu. Ukiona herufi mbili, M na M, ndizo zinazoifanya bubu, hata kama nguzo imepanda mpaka kileleni. Bonyeza kitufe cha M mara moja. Zitaondoka, zitakuja sifuri mbili.

Kisha toka kwa kitufe cha juu kabisa kushoto, rudi kwenye dirisha jeusi likiwa tupu. Bonyeza kitufe cha kufutia, pale pasipo na kitu cha kufuta. Mashine itakukemea kwa mlio, na mlio huo ndio uleule wa mto. Hivyo hutangoja mto kujua.

Kuna jambo lingine. Hizo M haziji zenyewe. Ni mtu aliyezifikia, na mtu huyo alijua njia. Mimi sikumfundisha yeyote. Lakini wiki zile za mwisho kabla sijaingia huku, nikiwa naipanga mashine, baba alikuwa anakaa nyuma yangu juu ya gunia la mahindi, ananoa panga. Mimi nilidhani ananoa panga. Lilinolewa hata likawa jembamba kama karatasi.

Umesema mlio wa mwisho ulikuwa Jumapili ya Matawi. Alhamisi Kuu kengele za kanisa hufungwa zisilie mpaka Pasaka.

Usimwulize mbele ya shangazi.

Nohemí


Santa Rita del Hondo, Agosti 12, 2019

Nohemí, mwanangu wa pekee,

Salamu kwako na kwa Mama Mkuu, ambaye sasa namwombea kabla ya ndugu zangu mwenyewe. Mahindi yamefika kifuani. Vifaranga vyako vilishatotolewa vyote, kitanda nimekifua godoro, bado kinanuka.

Naanza na mbavu, kwa kuwa umeshazijua. Sikutaka usali ukiwa na picha hiyo kichwani. Siku ile mto uliposhuka tena, Rosaura aliita, goti limemshika, hawezi kuinuka. Ni hapo ng'ambo ya ua tu, Nohemí, ni pua na mdomo. Nilikwenda kumkanda. Zamani ningesikia mlio hata kutoka pale. Nilikuwa nampaka mafuta nikasikia ardhi inanguruma, nikajua. Nilikimbia na mafuta mikononi, nyundo ikaniteleza. Wengine walishapanda, Chepe, mwenzake baba yako wa mchanga, alinusa tope akapiga kelele. Baba yako alirudi kuchukua koleo. Jiwe lilimbana kwenye ukingo, wakamvuta kwa kamba ya lori. Nilimwona akija juu na uso hauna rangi, nikadhani wameniletea maiti.

Watu walisema, "Eusebia alikuwa wapi?" Yeye mwenyewe alilisema pia, mara moja tu, amelala. Ningemjibu nini, kwamba mashine ni bubu? Angesema iliimba.

Basi don Neto alileta barua yako mchana, baba yako amekaa kwenye kiti mlangoni, kifua kimefungwa shuka. Mimi nasoma polepole na midomo inacheza, unanijua.

"Soma kwa sauti," akasema. "Au ni siri za masista?"

Nilimtuma Rosaura akaniletee chokaa ya kulowekea mahindi. Akasema, "Chokaa ipo, naiona pale." Nikamwambia ile imeingia maji. Akaenda akigeuka nyuma kila hatua. Nikasoma. Nguzo nikasoma, M nikasoma. Nilipofika kwenye panga sauti ilitaka kukatika lakini sikuruka neno. Nikasoma hadi jina lako.

Nzi akatua kwenye mkono wake na hakumfukuza.

"Niliirudisha," akasema.

"Nini?"

"Jumamosi ya Gloria, mkesha wa Pasaka. Kengele zilipofunguliwa, nilikuja nikaipandisha nguzo yake mpaka juu. Usifikiri niliiacha." Akavuta pumzi, mbavu zikamuuma. "Ijumaa Kuu sanamu ya Bwana inapitishwa imelala ndani ya jeneza la kioo, altare iko mbele ya mlango wangu, mimi ndiye mkuu wa wabebaji. Rosaura amemfunika jogoo kwa tenga. Nani angekubali hilo dude lifanye tiiit mbele ya Bwana? Hata zile mbao zinazogongwa badala ya kengele zilikuwa zinapigwa taratibu."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nimeigusa mashine ya yule? Niliapa sitaigusa tangu alipokwenda utawani."

Alijiinua kwa kushika ukuta, akanawa mikono kwanza, kwa sabuni, akakaa mbele ya laptopu. Nikamnyooshea karatasi ya pili. Hakuichukua. Neno lile aliliandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa, na hakukosea hata herufi. Nguzo zikatokea. Ile ya Beep ilikuwa imesimama mpaka kileleni, kama alivyosema. Na chini yake, M na M.

Alizitazama sana. "Hizi nilizibonyeza Alhamisi," akasema. "Sikujua zinabaki."

Akabonyeza. Zikaondoka. Akatoka, akaenda kwenye weusi ule mtupu, akabonyeza kitufe cha kufutia.

Tiiit.

Kuku mwekundu aliruka na vifaranga vyake vyote. Mimi nilishika meza. Akabonyeza tena. Akabonyeza tena. Anabonyeza na kusikiliza, anabonyeza na kusikiliza, jasho linamtoka na mvua iko nje.

"Baudilio, itachoka."

"Iache ichoke."

Baadaye, Rosaura hajarudi na chokaa, alisema bila kunitazama, "Chepe na wenzake wanashuka mtoni tangu mvua ya kwanza wakiitegemea hii." Chakula cha jioni hakukigusa.

Siku iliyofuata alijikokota mpaka kwenye ukingo, akawaita wote, akawaeleza yeye mwenyewe kwamba mashine ilikuwa bubu tangu Alhamisi Kuu na kwamba Eusebia hana kosa. Hilo sikulisikia kwake. Alinisimulia mke wa Chepe, na ndiye aliyenisalimu kwanza.

Na Jumatano, Nohemí, ililia yenyewe. Nilikuwa nyuma ya nyumba nasuuza mahindi, mikono ndani ya maji mpaka viwiko, jua linachoma. Tiiit, tiiit, tiiit. Sikukimbia kuangalia kioo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ringi. Nilipolipiga, kule bondeni nikaona kofia zinaanza kupanda. Baba yako amesimama mlangoni na shuka lake, hawezi kupiga, hawezi kushuka, anawataja mmoja mmoja kwa jina kadiri walivyotokea, kama padre anasoma majina ya kipaimara. Wa mwisho alipofika akaketi chini kwenye udongo. Tope lilipita likiwa na ng'ombe ndani yake.

Rosaura alitokea ng'ambo ya ua. "Hata mimi nimeisikia," akasema, "na kiziwi wa ukoo nilishatangaza ni mwingine."

Hofu haijaniisha, nisikudanganye. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto nakwenda kwenye ule weusi nabonyeza kitufe cha kufutia. Ikilia naiambia "nawe pia" na ndipo nawasha moto. Meza sijaigeuza tena. Na wanaume wameanza kutazama wingu, nawaona, wanachota koleo moja wanainua kichwa.

Jambo la mwisho. Jana Jumapili hakuna aliyeshuka mtoni. Baba yako aliitia laptopu kwenye gunia la unga, akaazima simu ya Chepe, akaishika njia ya makaburini, pale juu ambapo simu hushika mtandao. Na mbavu zile.

"Unaipeleka wapi?"

"Kuota jua."

Mawingu yalikuwa yametanda. Alirudi viatu vimejaa tope, akaiweka mezani, akachomeka kila waya mahali pake bila kuniuliza, akala maharage, akaomba mengine. Sikumwuliza kitu. Kama wewe unajua, niambie.

Mama yako anayekupenda,
Eusebia


Xela, Agosti 20, 2019

Mama yangu,

Nimeisoma barua yako bustanini nimekaa kwenye ndoo, kwa kuwa nilijua nitahitaji kukaa. Busu vifaranga. Kitanda wapewe, ni chao.

Unaniuliza kama najua. Najua.

Jumapili ile tulikuwa tunaosha vyombo baada ya chakula cha mchana, kwa ukimya kama kawaida. Simu ikalia. Nikasimama na sahani mkononi. Nikasikia viatu vya Sista wa mlangoni vinakuja, vinakuja, vikafika kwenye mlango wa jiko, na alipoinua macho alinitazama mimi.

Ukumbi wa pale ni mrefu, mama, una vigae vyekundu na vyeupe. Sijui kwa nini sikutaka kukanyaga vyekundu. Nilikuzika wewe mpaka kufikia sanamu ya Mtakatifu Yosefu. Kisha nikakufufua nikamzika baba. Nikaona shuka, nikaona jiwe, nikawaona wanaume wamevua kofia. Nilipofika kwenye simu nilikuwa nimewazika wote wawili, na nilikuwa nimeshajiuliza nani atakuwa amebaki kugonga ringi.

Nikaishika. Ulikuwa upepo tu, na mtu anapumua.

"Semeni," nikasema. "Niko tayari."

Halafu nikasikia, mbali kidogo, kama kutoka ndani ya gunia:

Tiiit.

Ikalia tena. Kisha kikohozi, cha mtu anayekizuia kwa sababu kinamuuma, na kikohozi hicho nakijua tangu sijajua kutembea.

"Baba," nikasema.

Tiiit.

Sista wa mlangoni alikuwa ananiuliza kwa mikono, ni nani amefariki? Upepo ukavuma sana, nikadhani imekatika. Halafu akasema, "Imesikika?"

"Imesikika, baba."

"Haya," akasema. Akakata.

Sikurudi kwenye vyombo. Waliniletea kiti pale pale ukumbini, na Mama Mkuu akaja. Nilipomweleza, aliniambia niwaandikie kwamba simu ile ni ya misiba tu, na isipigwe kwa jambo jingine.

Basi mwambie baba hivyo, mama, kama nilivyoagizwa. Mwambie mezani. Kisha mfuate anapokwenda kutazama mahindi, umwambie kwamba Sista wa mlangoni anazeeka, na tangu Jumapili ile mimi ndiye niliyepangiwa na Mama Mkuu kuipokea simu ile.

Nohemí